Spika za muziki au homu thieta: uanze na zipi, na lini uzitenganishe

Swali hili nimeulizwa mara nyingi hapa Tabora, na anayeuliza mara nyingi pesa anayo tayari na safari ya dukani ameshaanza: "Kaka, nichukue homu thieta, au nitafute amplifaya na spika mbili za maana?" Wengine wanaongeza: "Au nichukue zote, muziki uwe na zake na filamu ziwe na zake?" Huwa najibu kwa kuuliza: sebuleni kwako mnasikiliza nini hasa? Usinitajie unachopenda. Nitajie kilichopigwa jana na juzi.

Nauliza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kununua kwa macho. Ilikuwa homu thieta ya boksi moja, deki humohumo, vispika vitano vya plastiki na sabufa ya kuweka chini. Boksi limeandikwa wati 1000 kwa maandishi makubwa. Wiki hiyohiyo mzee wangu akaja kutoka Sikonge kututembelea. Mzee ni mtu wa muziki wa dansi, ujana wake umepita kwenye kumbi za hapa mjini enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na nyimbo zao nilikuwa nazo kwenye flashi. Nikamwekea, nikapandisha sauti. Akasikiliza wimbo mmoja na nusu, akainuka, akainama mbele ya televisheni na kutega sikio kwenye kile kispika cha katikati.

"Mwanangu," akasema, "mbona watu wote hawa umewafungia kwenye kakopo haka?"

Nikaenda nikasikiliza spika moja baada ya nyingine. Mbili za mbele zilikuwa karibu kimya. Za nyuma kimya kabisa. Bendi nzima, magitaa, saksafoni na waimbaji, ilikuwa inatoka kwenye kispika kisichozidi kiganja changu, na besi inanguruma peke yake kwenye kona alikokaa paka.

Kwa nini bendi iliingia kwenye kopo

Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwa mono, yaani sauti ni moja, ileile kushoto na ileile kulia. Homu thieta ikiwa imewekwa kwenye mtindo wa kuzungusha sauti, inalinganisha upande wa kushoto na wa kulia. Kinachofanana pande zote mbili inakihesabu kuwa ni maneno ya waigizaji, inakipeleka spika ya katikati. Kinachotofautiana inakisambaza pembeni na nyuma. Kwa filamu hiyo ni akili nzuri sana. Kwa wimbo wa mono, kila kitu kinafanana, kwa hiyo kila kitu kinakwenda katikati.

Nilipobonyeza rimoti nikairudisha kwenye stereo, yaani spika za kushoto na kulia tu, bendi ikatoka koponi, mzee akatikisa kichwa kidogo. Lakini bado kulikuwa na kasoro ambayo rimoti haiwezi kuiondoa. Vispika vile vina koni, ile sehemu inayotetema, ya inchi tatu hivi. Koni ndogo namna hiyo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito, kwa hiyo mtengenezaji anakata kila kitu kilicho chini ya hezi 150 au hata 200 na kukipeleka kwenye sabufa. (Hezi ni kipimo cha sauti: namba ikishuka, sauti inakuwa nzito.) Sasa sauti ya kawaida ya mwanaume inaanzia hapohapo, kati ya hezi 85 na 180. Matokeo yake mdomo wa mwimbaji uko karibu na televisheni na kifua chake kiko kwenye kona. Sabufa ikiachiwa kazi yake tu, ya hezi 80 kushuka chini, sikio halitambui kirahisi sauti inatoka upande gani. Ukiipandisha hadi 150, sikio linatambua mara moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba muziki na filamu vinaomba vitu viwili tofauti, ingawa vyote vinatoka kwenye spika.

Muziki unaomba nini

Mhandisi wa Kiingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya mfumo wa stereo mwaka 1931, na jambo lenyewe mpaka leo ni lilelile: spika mbili zinazofanana, masikio mawili, na ubongo unaojaza nafasi iliyo katikati. Ukizipanga vizuri, huisikii spika. Unasikia gitaa la solo liko kushoto kidogo, ridhimu kulia, na mwimbaji amesimama mahali pasipo na spika yoyote.

Mpangilio wake ni pembetatu yenye pande sawa. Kama spika ziko mita mbili na nusu kutoka moja hadi nyingine, na wewe kaa mita mbili na nusu kutoka kila moja. Twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Zisogeze mbali na ukuta wa nyuma, hata sentimita 30 au 40 zinasaidia, na usiisukumie moja kwenye kona huku nyingine iko wazi, maana kona inaongeza besi na upande huo utavimba.

Wimbo wa mono, uleule ulionisumbua kwenye homu thieta, ndio kipimo changu kikubwa cha stereo. Nikimaliza kufunga spika kwa mtu, naweka wimbo wa zamani wa dansi. Sauti ya mwimbaji inatakiwa isimame katikati kabisa, nyembamba, kama mtu mmoja. Ikilalia upande, kuna spika iko karibu zaidi au iko kwenye kona. Ikiwa imetawanyika, haina mahali, na besi imetoweka, basi waya wa spika moja umegeuzwa: chanya imeingia kwenye hasi. Koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na vinameza sauti ya kila mmoja. Geuza waya wa spika moja tu, kisha sikiliza tena. Nimeona watu wakilaumu spika mwaka mzima kwa kosa la dakika moja.

Kwa pesa ileile, spika mbili zitakuwa nzuri kuliko tano. Hilo ni hesabu tu. Laki sita ukiigawa kwa koni, masanduku, twita na amplifaya ya chaneli mbili, yaani njia mbili za sauti, kila kimoja kinapata fungu nono. Ukiigawa kwa spika tano, sabufa, deki na amplifaya ya chaneli sita, kila kimoja kinapata makombo. Ndiyo maana kwenye homu thieta nyingi za boksi moja, uzito uko kwenye sabufa peke yake, spika nyingine unaziinua kwa vidole viwili.

Filamu inaomba nini

Sasa niseme upande wa pili kwa haki, maana wapenzi wa stereo tuna tabia ya kuidharau homu thieta.

Filamu inaanza na maneno. Mke wangu ni mtu wa tamthilia na filamu, na nilipoondoa ile homu thieta nikaweka spika mbili kubwa, siku tatu za kwanza alinyamaza, ya nne akaniuliza kwa nini sasa lazima aongeze sauti ndipo asikie wanachosema. Alikuwa na haki. Yule mwimbaji wa katikati anayesimama hewani, anasimama kwa mtu aliyekaa katikati tu. Sebule zetu nyingi makochi yamezunguka kuta tatu, na televisheni iko ukuta wa nne. Aliyekaa kochi la pembeni yuko mita moja na nusu kutoka spika ya kulia na mita tatu na nusu kutoka ya kushoto. Kwake yeye mwigizaji aliye katikati ya kioo anaongelea pembeni yake. Spika ya katikati inaondoa shida hiyo kwa kila mtu chumbani: maneno yanatoka kwenye kioo, popote ulipokaa.

Kitu cha pili ni kishindo. Katika mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, ile moja baada ya nukta ni chaneli ya athari za besi peke yake, inaishia hezi 120. Spika mbili za rafu zenye koni za inchi tano hazitakupa mtikisiko huo hata ukizilazimisha, na ukizilazimisha utazichana.

Kitu cha tatu ni kuzungukwa, na hapa ndipo sebule za makochi kuta tatu zinaposhindwa. Spika za pembeni katika 5.1 zinatakiwa zikae nyuzi kama 110 kutoka mbele, yaani pembeni yako na nyuma kidogo, zikiwa na nafasi ya kupumua. Kochi likiwa limegusa ukuta wa nyuma, hakuna nyuma. Na aliyekaa kochi la pembeni, spika iko sikioni kwake. Nimeingia nyumba nyingi, Cheyo, Isevya, Kanyenye, nikakuta zile spika mbili za nyuma zimepangwa juu ya kabati la televisheni pamoja na za mbele, zote nne kwa mstari kama sahani. Mwenye nyumba kanunua spika tano, anatumia mbili.

Kabla ya kununua chaneli tano, angalia zinazoingia ni ngapi

Hili watu wanalisahau kuliko yote. Spika tano hazileti sauti tano kama chanzo kina mbili.

Filamu zilizotafsiriwa na ma-DJ, zile tunazowekewa kwenye flashi vibandani, karibu zote ni za chaneli mbili. Sauti ya DJ imewekwa juu ya sauti ya filamu, vyote vikapikwa chungu kimoja, na faili likabanwa litoshe kwenye simu. Hakuna chaneli ya nyuma humo. Video nyingi za YouTube ni chaneli mbili. Taarifa ya habari, mahubiri, taarabu, kipindi cha redio, vyote chaneli mbili au mono. Matangazo ya mpira kwenye king'amuzi, kwa jinsi ving'amuzi vingi vilivyofungwa kwenye televisheni kwa waya za rangi tatu, nayo yanafika yakiwa chaneli mbili. Diski halisi za filamu zina 5.1, na huduma za mtandaoni kama Netflix zina 5.1 kwenye filamu nyingi, mradi televisheni na waya vikubali kuipitisha.

Kwa hiyo fanya hesabu ya wiki moja. Kama familia inaangalia filamu za flashi na mpira, na wewe Jumapili unapiga rumba na dansi, 5.1 itakuwa inabuni tu sauti za nyuma. Kama mna intaneti ya uhakika na kila Ijumaa mnakaa pamoja na filamu yenye 5.1 halisi, hapo homu thieta ina kazi ya kufanya.

Na waya una neno lake pia. HDMI yenye ARC, iliyokuja mwaka 2009, inarudisha sauti kutoka kwenye televisheni hadi kwenye amplifaya kwa waya uleule wa picha. Ule waya wa mwanga, optiko, unapitisha chaneli mbili safi au 5.1 iliyobanwa. Bluetooth kwa muziki inatosha watu wengi, ila kwa filamu inachelewa, mara nyingi sehemu mbili za kumi za sekunde hivi, na mdomo wa mwigizaji unatangulia maneno. Kama umefunga spika mbili kwenye televisheni na unasikia muziki na milipuko lakini maneno yako mbali, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, tafuta palipoandikwa PCM (sauti isiyobanwa) au stereo, chagua hapo. Televisheni ikitema 5.1 kwenye kifaa cha chaneli mbili, ile chaneli ya katikati inaweza kupotelea njiani.

Sabufa ya dukani na saundiba

Kwa ufupi. Hizi tunazoziita sabufa, boksi kubwa na vispika viwili au vitatu, zenye flashi, redio na taa, zinafaa kwa sherehe ndogo, genge, saluni. Zinapiga kwa nguvu na ni rahisi kuzipata. Kwa kukaa na kusikiliza wimbo, zina lile tatizo la kifua kwenye kona. Saundiba, ule mche mrefu unaokaa chini ya televisheni, ni bora kwa maneno ya filamu na kwa chumba cha kupanga chenye nafasi ndogo. Kwa muziki, kushoto na kulia kwake viko karibu mno, sauti inakuwa na upana wa televisheni tu. Mtu anayeniambia "mimi ni taarifa ya habari na tamthilia, muziki nasikiliza kwenye simu," namwambia achukue saundiba yenye HDMI, aachane na mengine yote.

Kuzitenganisha chumba kimoja

Tuseme unataka vyote viwili, na kila kimoja kiwe kamili. Nimejaribu njia tatu.

Ya kwanza ni mifumo miwili kamili sebule moja: homu thieta na spika zake, stereo na amplifaya yake. Inavutia kuisema, ila sehemu nzuri ya kuweka spika kwenye chumba ni moja, na zote zinaitaka. Kwenye chumba cha mita 4 kwa 3 na nusu nilikuwa na spika nne zimejipanga pembeni ya televisheni, za muziki zimesukumwa kwenye kona, besi ikawa inavuma noti moja tu. Kumbuka chumba chenye urefu wa mita 4 kina mvumo wake wa asili kwenye hezi 43 hivi. Kona ndiyo inayouchokoza zaidi. Njia hii inafaa kama sebule ni ndefu, mita 6 na kuendelea, na unaweza kuupa muziki ukuta wake na kiti chake. Au kama muziki unahamia chumba kingine kabisa. Nina rafiki aliyeweka stereo kwenye chumba cha kulia na homu thieta sebuleni, kila mtu nyumbani kwake ana amani.

Ya pili ni kutumia spika mbili nzuri kwa kazi zote, na amplifaya mbili nyuma yake. Amplifaya ya stereo yenye njia ya kupitisha sauti za homu thieta moja kwa moja inapokea sauti ya spika za mbele kutoka kwenye risiva, ile amplifaya ya homu thieta yenye chaneli nyingi, na muziki ukipigwa risiva inazimwa. Ni njia nzuri sana, ila vifaa vyenye tundu hizo vina bei. Onyo moja hapa nalisema kwa msisitizo: usiunganishe amplifaya mbili kwenye spika zilezile kwa wakati mmoja, hata kama moja umeizima. Umeme wa iliyowaka unaingia kwenye matokeo ya nyingine na kuiunguza. Kama lazima, tumia swichi ya kuchagulia inayokata upande mmoja kabla ya kushika wa pili.

Ya tatu ndiyo niliyonayo sasa. Risiva moja, spika mbili za mbele zenye koni ya inchi sita na nusu ambazo zimekula zaidi ya nusu ya pesa yote, spika ya katikati ya kampuni ileile ili maneno yasibadilike rangi yakihama kutoka upande hadi upande, na sabufa iliyokatwa hezi 80. Za nyuma sina, na sijazikumbuka. Muziki ukipigwa, risiva inawekwa stereo tupu. Filamu ikianza, katikati inaamka. Mke wangu anasikia tamthilia yake kwenye sauti ya chini, na mzee alipokuja tena alikaa mpaka adhana ya isha bila kuinuka kutega sikio popote.

Kwa sebule ya kawaida ya hapa, naipendekeza hii ya tatu kwa moyo wote. Na inaweza kujengwa kidogo kidogo: mbili za mbele mwaka huu, katikati mavuno yakija, sabufa baadaye. Homu thieta ya boksi moja haiongezeki. Spika zake mara nyingi ni za omu 3 au 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zenye plagi za peke yake, na mashine yake kuu ikifa, zote zinakufa nayo.

Wati, umeme na mbao

Wati 1000 za kwenye boksi zisikutishe wala zisikufurahishe. Geuza mashine, soma nyuma inakula wati ngapi za umeme. Kama nyuma pameandikwa 80, haiwezi kutoa 1000 popote duniani. Tafuta neno RMS. Hizo ndizo wati za kazi. Na ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kitu ambacho sikio linakiona ni kidogo. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo angalia pia usikivu wa spika, yaani inatoa sauti kiasi gani kwa wati ileile: yenye desibeli 89 inahitaji nusu ya wati za yenye 86 kufikia sauti ileile.

Omu nazo ziheshimu. Spika mbili za omu 8 ukizifunga sambamba kwenye tundu moja zinakuwa omu 4, na amplifaya isiyoruhusu 4 itachemka mpaka ijizime, au isijizime.

Umeme wetu unapanda na kushuka, na unaporudi baada ya kukatika ndipo vifaa vingi vinapoungua. Stabilaiza, au hata kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuachia umeme, ni pesa ndogo ukilinganisha na transfoma ya amplifaya. Wanaotumia sola na inveta wachague amplifaya ya daraja D (Class D), hupoteza umeme kidogo sana kama joto. Za daraja AB zinaweza kupoteza karibu nusu.

Kuhusu masanduku: kwa kuwa tuko nchi ya mninga, watu wanapenda kumpelekea fundi seremala koni na kumwambia atengeneze boksi la mninga. Ni zuri kulitazama, ila mbao nzima inavimba masika na kukauka kiangazi, na kiangazi cha Tabora kinajulikana. Maungo yanaachia, hewa inavuja, besi inapungua na kuanza kupuliza. Ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, MDF, wa milimita 18, hautikisiki ovyo na haupasuki. Weka mninga kama ngozi ya nje, mwembamba, juu ya MDF. Utapata uzuri bila kilio.

Na chumba chenyewe: piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaogongana kati ya taili na gipsamu, mita chache za zulia na pazia zito zitafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha spika. Mvua ikipiga bati lisilo na dari, hakuna spika itakayokuokoa. Zima, subiri ipungue.

Ukinunua za mtumba

Spika bora nilizonazo ni za mtumba, na wengi hapa tutaanzia huko. Toa wavu wa mbele. Gusa ukingo unaoshika koni kwa ncha ya kidole. Ukiwa wa sponji na unaacha unga mweusi kidoleni, umeoza hata kama unaonekana mzima. Sponji hizo huoza baada ya miaka kumi na tano, ishirini. Fundi anaweza kubandika mpya, lakini bei ishuke. Ukiwa wa mpira na unanyumbulika, vizuri. Kisha weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, sukuma polepole, iachie. Iende na irudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inasugua kwenye sumaku. Rudisha kwenye meza, nenda zako.

Chukua betri ya rimoti, volti moja na nusu, na vipande viwili vya waya. Gusisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, mara moja tu na kuachia. Koni itoke nje kidogo. Ikiingia ndani, huenda kuna fundi alishaifungua na kugeuza. Fanya hivyo kwa zote mbili. Tazama twita pia. Zile za kuba laini watoto wanapenda kuzibonyeza kwa kidole, na kuba lililobonyea ni dalili ya jinsi spika ilivyotunzwa.

Nenda na flashi yako. Iwe na nyimbo tatu tu: mmoja wa zamani wa mono unaoujua kwa moyo, mmoja wa kisasa wenye besi ndefu, na kipande cha filamu ambacho watu wanaongea kwa sauti ya chini. Mwombe muuzaji azime mapambo yote ya besi na ekwalaiza iwe bapa, na kama kuna sabufa aizime kwa wimbo wa kwanza, usikie spika zenyewe zinasema nini. Watakaa wakikutazama. Simama katikati, umbali sawa na kila spika, hata kama ni kati ya magunia na friji, na usikilize mwimbaji amesimama wapi.